Mjadala wa Tlawi: Pumzi, Kauli na Utulivu wa Nafsi

Swali lililowekwa mbele ya wasemaji hawa ni hili: mtu ambaye nafsi yake imeelemewa, kwa msiba au kwa madeni au kwa wahka asioujua ulikoanzia, je, mazoezi ya yoga yaweza kumpunguzia uzito huo, na kama yaweza, kinachomfaa ni mikao ya mwili au ni namna anavyosemeshwa na kusikilizwa wakati wa mazoezi yenyewe? Nimeuweka mjadala Tlawi, katika nyanda za juu za Mbulu, kando ya ziwa lenye jina hilohilo, wala si Nairobi au Dar es Salaam ambako yoga imekwisha kuzoeleka, kwa sababu jambo linalodai kuwa na faida kwa binadamu yapasa lipimwe mahali ambapo watu hawalifuati kwa fahari, na ambapo zipo desturi za kale za kuwaliwaza wenye huzuni. Wasemaji nimewabuni, matukio wanayoyataja yalitokea kweli.

Sababu ya kuuliza swali hili sasa iko karibu. Alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliyokwisha kulowa maji ilimeguka, na tope, mawe na magogo yakashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80 na kuziacha familia nyingi bila makazi. Serikali ilipeleka chakula, mahema na madaktari, na pamoja nao ikapeleka maafisa ustawi wa jamii wa kutoa msaada wa kisaikolojia, jambo linalostahili sifa, maana zamani ilidhaniwa kuwa aliyefikwa na baa anahitaji blanketi na unga tu. Lakini maafisa hukaa kwa muda kisha hurudi makwao, ilhali fadhaa hubaki na mwenyewe. Na kila mvua ya vuli ikinguruma, hurudi upya.

Wanaozungumza ni watano: Muuguzi wa zahanati, Mzee wa ukoo, Katekista, Mwalimu wa yoga aliyejifunza kazi hiyo Nairobi, na Mama mmoja mjane aliyehamia kwa nduguze Tlawi baada ya nyumba yake kuzolewa na tope huko Hanang.

MUUGUZI: Wazee wangu, shikamooni. Naomba nitangulie, kwa kuwa wagonjwa hupitia kwangu kabla hawajafika kwa mwingine. Mtu aliyefikwa na msiba mzito, akija zahanati, haniambii kwamba ana huzuni. Huniambia kifua kimebana, moyo unakwenda mbio, mgongo unawaka moto, usingizi umemkimbia. Nampima presha na malaria, nakosa kitu, nampa dawa ya maumivu, anaondoka. Na wiki ya pili namkuta palepale kwenye benchi. Nimekuja kutambua kuwa mwili wake ndio unaosema, maadamu ulimi umekataa. Na kama mwili ndio uliotangulia kusema, si ajabu tiba nayo ikaanzia hapo: ukivuta pumzi polepole, na kuitoa kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, mapigo ya moyo hupungua, mabega hushuka, na ile hali ya kujiweka tayari kukimbia, ambayo mwili wa mtu aliyeliona tope likija umeishikilia kwa miezi, huanza kulegea. Hayo ni maumbile, na kila mwenye mapafu anayo.

MZEE: Marahaba, binti yangu. Umenena vema, lakini mimi nina mashaka mawili. La kwanza ni la tumbo. Mtu ambaye shamba lake limefunikwa na mawe anataka jembe, mbegu na bati. Ukimwendea ukamwambia aketi avute pumzi, utakuwa umemdharau, hata kama hukukusudia. La pili ni kwamba hatukuwa watupu kabla ya hayo mazoezi ya Wahindi. Sisi Wairaqw tuna slufay. Mzee husimama mbele ya watu, akazitamka dua mstari baada ya mstari, akimwomba Looaa, Mungu wetu, mvua, watoto, mifugo na amani, na kuyafukuza maradhi yaende mbali. Na kila mstari watu wote huuitikia kwa sauti moja. Hapo hapana msikilizaji mtupu. Hata aliyekuja na donge kooni, koo lake halina budi kufunguka pamoja na makoo ya wenzake. Sasa hiyo yoga, kwa jinsi nilivyoiona kwenye simu ya mjukuu wangu, ni watu waliojilaza, kila mmoja na mkeka wake, macho yamefumbwa, na mwalimu peke yake ndiye mwenye kauli. Mtu aliyekwisha kubaki peke yake atafarijikaje kwa kuongezewa upweke?

MWALIMU: Shikamoo, Mzee. Juu ya tumbo sina ubishi nawe: anayempa mwenye njaa pumzi mahali pa unga hafai kuitwa mwalimu. Lakini hilo la pili linanigusa, kwa sababu ulichokiona kwenye simu kipo, na ndicho kinachouzwa zaidi. Ipo yoga ya amri. Bikram Choudhury, Mhindi aliyepata umaarufu na utajiri Marekani, alipanga mikao na mazoezi ya pumzi 26, yafanywe kwa dakika 90 ndani ya chumba chenye joto la nyuzi zipatazo 40, na walimu wake wakatakiwa kuyakariri maneno yake na kuyatamka kama alivyoyaandika, awe anayefundishwa ni kijana mwenye afya au mama mwenye kilio. Mwaka 2016 baraza la mahakama ya Los Angeles lilimwamuru amlipe aliyekuwa mwanasheria wake mamilioni ya dola, kwa makosa ambayo unyanyasaji wa kijinsia ulikuwa miongoni mwake. Nalitaja jambo hilo kwa makusudi: mahali ambapo mmoja tu ndiye mwenye ruhusa ya kusema, madhara hupata nafasi ya kukaa kimya kwa muda mrefu.

Namna niliyofundishwa mimi si hiyo. Ilitengenezwa hukohuko Marekani na David Emerson, akishirikiana na tabibu wa akili Bessel van der Kolk, kwa ajili ya watu walioumizwa sana maishani. Mikao yake ni michache na myepesi. Kazi kubwa iko katika kauli. Nikifundisha hapa Tlawi, watu wataketi juu ya vigoda au viti, nyayo zikigusa chini, kwa maana mama aliyeshinda ameinamia jembe hana haja ya kukunjwa tena. Nitasema: ukipenda, weka mkono mmoja tumboni, usipopenda, uache ulipo. Nitasema: waweza kufumba macho, waweza pia kuyaacha wazi ukaitazama sakafu. Nitahesabu kwa sauti ya kawaida, nne kwa kuvuta na sita kwa kutoa, na baada ya mizunguko michache nitauliza: tuendelee hivi, au tupunguze? Anayetaka kuacha ataacha, wala hataulizwa sababu. Simshiki mtu bega wala kiuno kumnyoosha. Tukimaliza nitauliza swali moja tu, kwamba umesikia nini mwilini, kisha nitanyamaza nisubiri, na mtu ana hiari ya kujibu au kutojibu.

MAMA: Mwalimu, nisamehe nikukatize. Hapo pa macho umesema jambo ambalo wengi walionijia hawakulijua. Mimi nikifumba macho nausikia mlima. Walinijia watu wema, wakaniketisha, wakaniambia nifumbe macho nitulie, kisha nieleze yaliyonipata. Na kila nilipoeleza, tope lilishuka upya, mpaka nikaanza kuwakimbia niwaonapo. Hawakuwa na nia mbaya. Lakini hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nataka kueleza siku ile. Tope halikuniuliza, msiba haukuniuliza, na faraja nayo haikuniuliza.

Hapa mazungumzo yalikatika kwa muda, nami sikuona haja ya kuujaza ukimya huo kwa maneno yangu.

MUUGUZI: Alilolisema Mama lina ushahidi. Mwaka 2014 van der Kolk na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa Massachusetts, juu ya wanawake 64 waliokuwa wakiteswa na kumbukumbu za mambo mazito, ambao matibabu ya awali hayakuwafaa. Waligawanywa makundi mawili kwa bahati nasibu: kundi moja lilifanya yoga ya namna hii, saa moja kila wiki kwa wiki kumi, jingine lilipewa mafunzo ya afya ya wanawake kwa muda uleule. Mwishoni, katika wanawake 31 wa yoga, 16 hawakuwa tena na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa maradhi hayo. Katika 29 wa mafunzo, walikuwa 6. Na kilichonishangaza zaidi ni kwamba nusu ya kwanza makundi yote mawili yalipata nafuu; ila katika nusu ya pili wale wa mafunzo walirudi nyuma, wa yoga wakadumu. Uchunguzi ni mdogo, nami sitaki kuupa uzito usiostahili. Lakini wanawake hao wa mafunzo nao waliketi na wenzao, wakasemeshwa kwa upole na wataalamu. Kwa hiyo upole wa kauli peke yake haukutosha, ilipasa kauli hiyo ifuatane na jambo ambalo mwili unalitenda kwa hiari yake.

KATEKISTA: Nimevumilia, sasa niseme. Mwalimu, sikushitaki kwa lolote, lakini tusifiche asili ya kitu. Yoga ni njia ya dini ya Kihindu, na mimi nina kondoo waliobatizwa. Watu wakifundishwa kutamka maneno wasiyoyajua, kwa lugha wasiyoijua, watakuwa wanaomba nini, na kwa nani?

MWALIMU: Katekista, swali lako ni la haki, nami siwezi kuificha asili yake. Maneno ya Kisanskriti siyatumii mahali kama hapa. Lakini nikisema yoga haina uhusiano wowote na dini, nitakuwa nimesema uongo.

KATEKISTA: Nashukuru kwa ukweli huo, kwani wengi husema kinyume. Nami nitakuwa mkweli vilevile. Tarehe 15 Oktoba 1989 ilitoka Vatikani barua kwa maaskofu juu ya tafakari ya Kikristo, iliyotiwa saini na Kadinali Joseph Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto wa Kumi na Sita. Barua hiyo inaitaja yoga kwa jina, na inaonya kwamba mikao ya mwili yaweza kumpa mtu raha akaidhania kuwa ni faraja ya Roho Mtakatifu. Hata hivyo haisemi njia hizo zitupwe kwa sababu tu si za Kikristo. Inasema chenye manufaa chaweza kuchukuliwa, mradi sala ya Kikristo isifunikwe. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: zahanati ni sawa, kanisani hapana, na asiambiwe mtu kwamba akishusha pumzi amekwisha kusali.

Tena niongeze jambo juu ya kauli, kwa kuwa ndiko mjadala ulikofika. Rafiki zake Ayubu, walipomkuta amekaa majivuni, waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, bila hata mmoja kumwambia neno, kwa kuwa waliona mateso yake ni makubwa mno. Ubaya wao ulianza walipofungua vinywa, kwa maana walisema mengi wasiyoulizwa, na Mungu mwenyewe akawakemea mwishoni. Hizo siku saba ndizo zilizokuwa bora kuliko hotuba zao zote.

MWALIMU: Na ajabu ni kwamba kitabu kinachoheshimiwa sana na watu wa yoga, Bhagavad Gita, nacho ni mazungumzo. Arjuna yuko vitani, mbele yake wamesimama jamaa zake mwenyewe. Viungo vinamtetemeka, kinywa kimemkauka, upinde unamponyoka mkononi. Sura zipo 18, na ya kwanza inamalizika kwa kilio chake yeye. Krishna, anayezungumza naye, hatoi mafundisho yake mpaka mwenye fadhaa amekwisha kumwaga yaliyo moyoni. Waliokuja baadaye na kuigeuza yoga kuwa amri za mwalimu waliuruka mlango ule ambao kitabu chenyewe kiliingilia.

MUUGUZI: Mzee wangu, nawe sikuachii uende hivihivi. Umeisifu slufay, nami naiheshimu. Lakini desturi hiyohiyo ya Wairaqw ilikuwa na metimani. Mjane, au mtu aliyefikwa na kifo cha aina fulani nyumbani, alitengwa. Hakuingia nyumba za watu, hakushirikiana nao vyombo, hakukaribia maji yao, mpaka muda utimie. Je, huyo naye alikuwa akiitikia pamoja na wenzake?

MZEE: Hakuwa akiitikia. Sitakudanganya, binti yangu. Tuliogopa mauti yasienee, na watu wa nje waliona tu kwamba tunamtesa. Yalikuwamo mawili: aliachwa apumzike, hakuna aliyemtaka kazi wala maneno, lakini pia aliachwa peke yake kuliko inavyomfaa mwanadamu. Makanisa na serikali waliipiga vita, na karibu imekwisha.

MAMA: Haijaisha, Baba. Imebadilika sura. Siku za matanga nyumba hujaa watu, wanapika, wanaimba, wanalala chini pamoja nawe. Wakishaondoka, mtu akikuona njiani hubadili njia, si kwa chuki, ila hajui la kukuambia. Mimi nimekaa miezi bila kusemeshwa jambo lolote isipokuwa pole. Ningependa mtu aniulize hata kuhusu maharage.

MUUGUZI: Na sheria nayo inaongeza kimya. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Mtu anayewaza hivyo atawezaje kunifungulia moyo, naye anajua kuwa kesi yaweza kufuata? Wenzetu wa Kenya wameamka: Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kuwa kifungu cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Ningefurahi kuliona jambo hilo likizungumzwa bungeni Dodoma.

MZEE: Hebu nipeni mfano wa mahali ambapo watu kama sisi, bila hospitali kubwa, wamefanya jambo likafaa.

MUUGUZI: Upo wa Harare. Tabibu wa akili Dixon Chibanda, mwaka 2006, aliwafunza mabibi wa mtaani kuketi na wenye mawazo mengi kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, wakawasikiliza na kuwasaidia kulitafutia ufumbuzi tatizo moja kwanza, si yote kwa pamoja. Mwaka 2016 matokeo ya uchunguzi juu ya watu 573 yalichapishwa, na waliohudumiwa na mabibi wale walionekana, baada ya miezi sita, kuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

MZEE: Hao ndio wangu. Bibi hakuhitaji mkeka.

MWALIMU: Kweli, na mimi siwaoni kuwa washindani wangu. Nairobi nako, shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa mwaka 2007 na Mmarekani Paige Elenson, halikutegemea walimu wa kutoka ng'ambo. Liliwafunza vijana wa mitaa ya Nairobi wenyewe, wakaenda kufundisha mitaani kwao, katika jiji lililokuwa na majeraha ya vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Nilipojiunga na madarasa yao, kilichonivuta ni kwamba aliyesimama mbele alisema kama watu wa nyumbani kwangu. Kwa hiyo hapa Tlawi sitamani kubaki mimi. Natamani apatikane mama wa hapahapa, anayesema Kiiraqw, aifanye kazi hii mimi niondoke.

MZEE: Basi nami nina sharti. Ile hesabu ya pumzi usiihesabu peke yako. Wewe sema, watu waitikie. Vuta, wajibu, toa, wajibu. Kimya kiwepo, lakini kisiwe cha kila mtu na mkeka wake. Ukikubali hilo, nitakuja mwenyewe, na magoti yangu haya.

MWALIMU: Nakubali, Mzee. Ila asiyeitikia asitazamwe vibaya.

MZEE: Hatatazamwa.

MAMA: Nami nitakuja, nikiketi karibu na mlango.

Mimi mwandishi nimesikia pande zote, na sitajifanya kuwa sina upande. Naona ya kwamba mikao ya yoga, ambayo ndiyo hupigwa picha na kusifiwa kila tarehe 21 Juni, siku iliyotengwa na Umoja wa Mataifa kwa azimio la Desemba 2014, ni sehemu ndogo ya faida yake kwa mtu aliyefadhaika. Sehemu kubwa ni kule kusemeshwa kwa kauli inayomwachia hiari, kuulizwa swali lenye nafasi ya kusema hapana, na kuwa na mtu anayesubiri jibu bila kulilazimisha, wakati mwili wenyewe, kwa pumzi ndefu, unapunguza hofu yake. Ukiondoa kauli hiyo, yabaki mazoezi ya viungo, nayo si mabaya, lakini mtu wa Tlawi anayelima na kuchota maji hayakosi. Sharti la Mzee naliona kuwa jema kuliko mengi niliyoyasikia juu ya jambo hili, kwa sababu linamtoa mwenye huzuni katika kusikiliza tu. Msimamo wa Katekista nao una insafu, na yeyote atakayeleta yoga Mbulu kwa kuficha asili yake atakuwa amewavunjia watu heshima, kisha atapoteza imani yao siku watakapogundua.

Nisieleweke kuwa pumzi ni dawa ya kila maradhi. Mtu asiyelala kwa wiki nyingi, anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, au anayewaza kujitoa uhai, apelekwe kwa tabibu siku hiyohiyo. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, imo katika nchi hiihii ya Mbulu, na inawahudumia pia wenye maradhi ya akili na kifafa. Nawaomba wakuu wa halmashauri za Mbulu na Hanang, na waganga wafawidhi wa zahanati zao, watenge saa moja kwa wiki na chumba chenye mlango ulio wazi, wamchague mama mmoja wa kijijini anayeaminika, wamlipe posho ya haki, na wamfundishe kuuliza kabla ya kuagiza. Nao waliofiwa huko Katesh waulizwe kwanza kama wanakitaka chumba hicho.